Uzi: Mpango wa mtaa huharibika kabla kikao hakijafunguliwa (mpanga miji wa Lamu, ulizeni maswali)

Mchora_Amu (mleta uzi)

Wakuu, salaam aleikum. Kuna kijana aliuliza humu kama kusomea mipango ya miji kunamfaa mtu wa pwani. Majibu aliyopewa yalinichoma: "Utaishia kubebea wakubwa ramani", "Kazi yenyewe ni kuandika X kwenye nyumba za watu." Mimi nimeifanya kazi hii tangu serikali za kaunti zianze, kwanza Malindi kisha Lamu, na sehemu kubwa imekuwa kukaa na wakazi tukipanga vichochoro, mitaro, maji na mahali pa kumwaga taka. Nitaeleza ilivyo. Ofisi sitaji, mtu simtaji.

Msimamo wangu ni huu: ule mkutano wa hadhara mnaouona kwenye picha, na mabango na kofia, ndio sehemu ndogo kabisa ya kushirikisha wananchi. Niambie nani alichagua saa, nani alichagua mahali na nani alichora mstari wa kwanza, nami nitakwambia kikao kitaishaje bila kuhudhuria.

Saa kwanza. Ukiwaita wavuvi wa Lamu wakati wa kaskazi, bahari imetulia, utahutubia viti. Kusi ndipo utawapata nyumbani. Ukiita baada ya swala ya Ijumaa utapata wanaume tele na mwanamke hata mmoja hutamwona, kisha uandike "wakazi waliridhia". Ukiita saa nne asubuhi, wanaopanga vyumba mitaa ya Kashmir na Kandahar hapa Lamu washaondoka: vibarua, wapagazi, wanaovuka na boti kwenda Mokowe, bara, alfajiri. Wanabaki wenye nyumba na wazee wastaafu, na hao tayari walikuwa na namba ya simu ya ofisi. Msimu wa Maulidi hata usijaribu.

Mahali nako. Ukumbi wa hoteli una feni na soda, lakini wapo watu hawakanyagi humo. Mkunguni, mbele ya ngome, kila mtu hupita, ila kila mtu pia anasikiliza, na nani atasema mbele ya mji mzima kwamba jirani yake ndiye aliyeziba mtaro? Maneno hayo husemwa dakani. Unakaribishwa kwenye kiti cha mawe kando ya mlango, inaletwa kahawa chungu, unaulizwa kwenu na watu wako, na ajenda yako inasubiri zamu. Nimepanga mengi hapo kuliko kwenye meza yoyote. Lakini daka lina wenyewe pia. Ni la wanaume, na ni la mwenye nyumba. Anayepanga chumba cha nyuma hapiti hapo.

Mstari wa kwanza naendelea nao chini, ni mrefu.

Mchora_Amu

Naendelea. Ramani ina mambo yake. Tulibandika picha ya setilaiti ya mtaa, kaskazini juu kama tulivyofundishwa chuoni. Watu wakaikodolea macho kwa adabu tu. Mama mmoja akasimama, akaigeuza mpaka bahari ikawa chini, yuu, yaani upande wa mji ulio mbali na bahari, ikawa juu, kama mtu anavyoshuka kwenda pwani. Hapo kila mmoja akaanza kuonyesha nyumba yake kwa kidole. Majina ya njia hakuna aliyeyatumia. Wanahesabu kwa misikiti na visima: "ukitoka msikitini, kisima mkono wa kushoto, kwa fulani." Ramani zangu zote za Lamu sasa nazichapisha hivyo, na wakaguzi kutoka Nairobi huniuliza kama printa imekosea.

Sasa ule mstari wa kwanza, na kamba yake. Mtaa mmoja wa pembeni, nje ya mji wa kale, nyumba zilijengwa kwa haraka na kichochoro kikabaki chembamba, kisha kikakatika. Paa nyingi ni makuti, moto ukizuka mkokoteni wa maji haufiki. Mchoro wa awali ulikuja na njia ya mita 6. Kwenye karatasi ni mstari mwembamba tu, hauumizi mtu. Tukapima kamba ya mita 6, vijana wawili wakashika ncha, tukaanza kutembea nayo. Nyumba ya kwanza kamba ikaingia jikoni. Ya pili ikapita katikati ya daka na kufuta choo kizima. Watu walikuwa wanacheka, kicheko kikaisha chenyewe.

Mzee mmoja akauliza, "Ni gari gani hilo linalokuja?" Hakuna gari. Kinachopita pale ni punda wawili wenye shogi wakipishana, mkokoteni, na jeneza likiwa mabegani mwa watu. Jeneza ndilo lililopitisha uamuzi. Walisimama wanaume sita, kana kwamba wamelibeba, wakatembea kona hadi kona, na kamba ikafupishwa papo hapo mpaka ikafika mita 3 na kidogo, na sehemu mbili za kupishania, moja kisimani na moja mbele ya msikiti. Zilizobaki kukatwa ni ngazi za barazani kadhaa na jiko moja. Mwenye jiko alikubali kwa sharti kwamba mtaro usipite tena mlangoni kwake. Fidia ya pesa hakuitaja hata kidogo.

Kikao rasmi cha kupitisha mpango ule kilikuwa kifupi na cha kuchosha, kama inavyotakiwa.

Mwananchi_Huru

Mleta uzi, hadithi tamu, lakini tuambiane ukweli. Hii "kushirikisha umma" ni posho na chai. Watu ni wale wale, wanazunguka vikao vyote na begi la kalamu. Halafu kamba yako inafaa mtaa wa nyumba arobaini. Mtaa wa watu elfu hamsini utatembea na kamba?

Mchora_Amu

Kuhusu posho sikupingi. Wapo watu Lamu ningewaita wajumbe wa kudumu, nawajua mpaka saini. Dawa yake ni kuacha kuwaita watu na badala yake kuwafuata waliko. Ukishaitisha, umeshachuja.

Kuhusu ukubwa, tazama mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji, ujenzi mpya ukasimamishwa kwa muda ili mpango utengenezwe. Kuna kaya zaidi ya laki moja pale. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mabanda, na wenzao hawakumwita kila mtu uwanjani. Walianzia kwenye vikundi vidogo vya nyumba, kila kikundi kikatoa msemaji, wasemaji wakakutana, ikapanda hivyo ngazi kwa ngazi. Na wao walikutana na hesabu ile ile ya kamba: ukifuata upana wa barabara wa vitabuni unafukuza sehemu kubwa ya watu unaodai kuwapangia. Wakapunguza upana. Kwa hiyo ukubwa si kisingizio. Ni gharama na muda, na hapo ndipo wakubwa huchoka.

BintiLangoni

Mchora, umesema daka ni la wanaume ukapita kama upepo. Mimi nimekaa mtaa wa Langoni maisha yangu yote. Maji ya chumvi nani anayajua kama si sisi? Kisima cha kwetu ukivuta sana mchana, jioni chai haina ladha, na mnapokuja na fomu mnamwuliza baba. Mifereji mnaichora inapoanzia, sisi ndio tunaosukuma maji machafu na fagio yanapoishia. Swali langu: mwanamke anaingiaje kwenye huo mpango wenu?

Mchora_Amu

Dadangu, ukweli wako. Ninavyofanya ni hivi: kazi ya ndani ya nyumba nampa mwenzangu mwanamke, na hatuiti kikao. Anakwenda panapokaliwa tayari: kwenye chama cha mchezo wa pesa, kwenye maandalizi ya harusi, madrasa ya watoto wakati wa kuwachukua. Anabeba karatasi ile ile ya ramani na kalamu za rangi. Rangi ya buluu kwa kisima kitamu, nyekundu kwa kilichogeuka chumvi. Ramani ya wanaume wa mtaa mmoja ilikuja na misikiti, maduka na viwanja vyenye ugomvi. Ya wanawake wa mtaa huo huo ilikuja na visima, mashimo ya vyoo yaliyo karibu navyo, na kona tatu ambazo msichana hapiti baada ya magharibi. Zile kona zikapata taa. Wanaume hawakuwa wamezitia hata nukta.

Na la maji umegusa penyewe. Maji matamu ya mji huu yanatoka kwenye visima vya machuga, vile vilima vya mchanga, ya Shela. Mvua inazama mchangani, inakaa juu ya maji ya chumvi, ukivuta kupita kiasi chumvi inapanda. Sasa mtu anakuja na mpango mzuri wa mtaro na bomba mjini huku juu ya machuga panaota nyumba za kifahari. Mimi nasema wazi, hata nikichukiwa: mpango wa mtaa wowote wa Amu, yaani Lamu, usioanza na machuga ni mapambo. Hili silipigii kura kwenye kikao. Kazi yangu ni kuwaambia watu maji yanatoka wapi, kisha waamue wakijua.

Mzee_wa_Bandari

Hapo "wakijua" ndipo penye kesi zote za Lamu. Bandari ilizinduliwa Machi 2012 na marais, sisi tukasikia redioni.

Mchora_Amu

Ndiyo, mzee. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ilisema wananchi hawakushirikishwa wala kupewa habari ipasavyo kuhusu bandari, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (NET) likafuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokuwa kijengwe Kwasasi. Ile ya makaa nawaambia wanafunzi waisome neno kwa neno. Vikao vilikuwepo, picha zilipigwa. Shida ni kwamba watu walikutanishwa kabla ripoti ya madhara haijakamilika; ilipokamilika hawakurudiwa. Uliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hujaonyeshwa. Baada ya hukumu zile mbili hata maafisa waliokuwa wakinicheka na kamba yangu walianza kuniuliza nina orodha ya mahudhurio. Orodha ninayo, lakini wameuliza kitu kisicho chenyewe.

Mkomani_Yuu

Mimi nina kidonda changu. Nyumba yetu Mkomani, mji wa kale, ni ya mababu. Nina mabinti watatu. Nimeomba kuongeza ghorofa, nimezungushwa. "Urithi wa dunia." Urithi wa dunia unamwoza binti yangu? Jirani ameuza kwa mgeni, mgeni kaweka bwawa la kuogelea juu, hakuna aliyemgusa.

Mchora_Amu

Bwawa la jirani silijui, nisije nikasema uongo. Lako nalijua kwa sababu ni la nusu ya mji, na hapa niruhusuni nirefushe.

Mji wa kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, ukaingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Eneo lenyewe ni dogo, kama hekta 16. Ajabu ni kwamba mji huo unaolindwa ulijengwa na baba wenye shida kama yako. Binti akiolewa hutolewa nyumbani? Hapana, anajengewa juu, au upande wa pili na kuungwa kwa wikio linalopita juu ya kichochoro. Ghorofa ya binti ndiyo iliyoipa Lamu sura yake. Kwa hiyo anayesema kuongeza ghorofa ni kuvunja mila, mila haijui.

Lakini nipe na mimi sikio. Kuta zako ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu imebebwa na boriti. Vyumba vya Amu ni vyembamba kwa sababu boriti haina urefu zaidi ya ule. Fundi wa siku hizi anakuja na matofali ya saruji na zege, anapandisha uzito ambao ukuta haukuzaliwa nao, na chini anapaka saruji. Chokaa ilikuwa inapumua. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inasukuma plasta, na ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta inaoza kimya kimya. Kabla ya mjukuu kuzaliwa dari inashuka. Hilo si la wazungu wa UNESCO, ni la fundi yeyote mzee wa Langoni.

La pili ni kiwanda cha jirani, yaani ua wake wa ndani. Nyumba za Amu zimegeuziana mgongo makusudi. Dirisha lako jipya la juu linaangalia wapi? Nimeona majirani wa vizazi vitatu wakiacha kusalimiana kwa ajili ya dirisha moja. Kanuni nyingi za uhifadhi zinahangaika na rangi ya mlango na hazimwulizi mwenye kiwanda cha chini. Ningekuwa na uwezo, ombi la ghorofa lingepitia kwanza kwa majirani wanaopakana nawe, wakae, wakubaliane ukuta wa juu uwe wa urefu gani, ndipo liende ofisini.

Kwako binafsi: omba upya, na mchoro wenye ukuta mwepesi na paa jepesi, chokaa, na karatasi ya fundi au mhandisi aliyepima ukuta wa chini. Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Sheria ya mipango ya 2019 inakupa siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya ujenzi na mipango. Watu wengi wanapiga kelele miezi sita dakani na siku 14 zimepita.

Mkomani_Yuu

La majirani limeniingia. La siku 14 hakuna aliyewahi kuniambia.

Hananasif_Mkongwe

Salamu kutoka Dar. Kwetu Hananasif miaka ya tisini mitaro ilichimbwa na wakazi wenyewe kwa ujira, kamati ya mtaa ikasimamia. Mafuriko yalipungua, kodi za vyumba zikapanda, na waliochimba baadhi yao wakahama kwa kushindwa kodi. Mleta uzi naona hujaigusa hii.

Kisumu_Ndogo_Malindi

Huyo wa Dar kasema kweli. Na Malindi kuna zaidi: nyumba yako, ardhi si yako. Sasa kwenye kikao "mkazi" ni nani?

Mchora_Amu

Nawajibu pamoja, maana Malindi ndiko nilikojifunzia hili.

Mpwani anaelewa bila kuelezwa: unajenga nyumba yako kwenye kiwanja cha mtu, unamlipa kodi ya kiwanja, pengine tangu enzi za babu yako. Ndani ya nyumba hiyo hiyo umepangisha vyumba vinne vya ukumbini. Watu wa tabaka tatu juu ya kiwanja kimoja: mwenye ardhi, ambaye huenda yuko Mombasa au hayuko nchini, mwenye nyumba, na mpangaji wa chumba. Mradi wa kuboresha makazi ya mitaa uliokuja kuanzia mwaka 2011, KISIP, na Malindi ikiwa kati ya miji iliyochaguliwa, ulitaka kila mtaa uunde kamati yake. Wazo zuri. Ila kura ikipigwa, kamati inajaa wenye nyumba. Wanataka barabara ya lami na hati. Mpangaji anataka choo na kodi isiyopanda. Ukiandika "jamii ilipendekeza lami", umeandika jambo la watu wawili kati ya kumi.

Sina dawa ya kodi. Nimejaribu kuweka nafasi za wapangaji kwenye kamati, wanakuja kikao cha kwanza, cha pili wenye nyumba wao wamewauliza nyumbani, "Ulisema nini kule?" Kinachosaidia kidogo ni kuanza na vitu visivyopandisha thamani ya chumba kimoja peke yake: mtaro mkuu, kituo cha maji cha wote, njia ya zimamoto. Na kuandika kodi za vyumba kabla mradi haujaanza, ili baadaye asije mtu akasema hakuna aliyehama. Ripoti nyingi hupima urefu wa mtaro tu.

Fomu_Four_Leaver

Mimi ndiye niliyeuliza swali lile. Nimepata alama za kuingia. Nisome wapi, mshahara ukoje, na je, kuna ajira?

Mchora_Amu

Nairobi wanafundisha tangu miaka ya sabini, Maseno wanafundisha, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya pia. Digrii ni miaka minne. Halafu kuna bodi ya usajili, bila usajili huweki saini kwenye mpango, unamchorea mwenzako anasaini yeye. Kaunti huajiri kwa kusuasua, nyingi kwa mkataba. Mashirika hulipa vizuri mpaka mradi uishe. Makampuni ya ushauri yatakutuma kupanga viwanja vya shamba la mtu, ni kazi halali, italisha.

Jifunze programu za ramani mapema, hilo halina mjadala. Lakini jifunze pia kuandika kumbukumbu za kikao kwa Kiswahili watu wanachokielewa na kuzirudisha mtaani zisomwe kwa sauti, kwa sababu nimeona mipango ikikwama mwaka mzima kwa neno moja ambalo mkalimani alilipitisha juu juu. Na usiwe karani wa maoni. Wakazi wakikubaliana kujenga choo hatua nne kutoka kisimani, wewe ndiye unayepaswa kusema hapana, na ueleze kwa nini mpaka waelewe.

Ukitaka kuja kufanya mazoezi ya kazi huku, njoo Mei, si Januari. Mitaro tunaipima mvua ya masika ikinyesha, tunaona maji yanakwenda wapi yenyewe. Viatu vya kuingia matopeni uje navyo, ofisi haina.